Marando Niliyokuletea

Kimandolu, Arusha
9 Oktoba 2006

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mke wa kaka Abdiel, ameshazoea baridi ya huko Poli? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hauna raha. Ningeweza kupiga simu ya Abdiel, lakini neno hili sitaki lisikiwe na mwingine kabla yako.

Ulipong'oa kahawa baada ya bei kuanguka, nilikuletea gunia la marando ya viazi vitamu kutoka maabara ninakofanya kazi. Yalishika vizuri, hata shangazi Penina akapita akayasifu. Wiki chache baadaye yakadumaa, majani yakajikunja na kuwa njano. Ukasema ni jicho lake. Ukamkataza kukanyaga uani kwako. Kwenye harusi ya Abdiel, mwezi wa nane, nilimkuta amesimama barabarani na khanga ya zawadi mkononi, hakuna aliyemkaribisha. Nami nilimpita.

Mama, si jicho. Nilichukua majani machache nikayapima. Virusi vikiingia kwenye mmea, hujizalisha kwa chembe ya urithi iitwayo RNA, yenye nyuzi mbili zilizoshikamana. Mmea una kimeng'enya chake, kama mkasi mdogo usioonekana, kinachozikata nyuzi hizo, na vipande vyake huusaidia kujilinda. Lakini virusi nilivyovikuta kwenye marando yako huja na mkasi wake vyenyewe, unaokatakata vipande hivyo, vikavunja kinga hiyo. Ndipo virusi vingine vilivyokuwa vimelala humo shambani vikaamka. Ndivyo anavyotueleza Daktari Anneth, mkuu wetu wa maabara.

Na aliyekuletea virusi hivyo ni mimi. Gunia lile lilikuwa mabaki ya majaribio, niliagizwa nilichome moto. Nikaona majani ni mabichi, nikasema ni dhambi kuchoma chakula. Majibu ya vipimo ninayo tangu Juni. Nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi, shangazi akabeba lawama yangu.

Jana nilimweleza Daktari Anneth. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mama yako anajua?" Kisha akanisimamisha kazi.

Mama, ng'oa yote uyachome, usimpe jirani hata rando moja. Nisalimie Abdiel na mkewe, na wote wa usharika wanaoniulizia. Jumamosi nakuja, ila nitaanzia kwa shangazi. Ikifika jioni hujaniona, ujue hajanifungulia mlango, na mimi bado nipo pale nje.

Mwanao akuheshimuye,
Elinami