Mkono wa Pili Kwenye Kioo cha Printa

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika chumba cha upelelezi, Jumatano tarehe 11, saa nane mchana.

Jina: Mama Waya (ndilo analoitikia kazini na nyumbani)
Umri: miaka 41
Kazi: fundi wa printa na mitandao ya ofisi
Makazi: nyumba za ghorofa nyuma ya soko la mboga, ghorofa ya juu kabisa

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu mlinzi wa ofisi ya wapima ardhi amewekwa ndani tangu juzi, akidaiwa kwamba alikuwa pamoja na dada wa mapokezi katika stoo ya chini na kumfungia humo. Ushahidi mlionao ni picha ya mkono wa mwanamume. Mkono ule si wake. Nitaeleza picha ile ilivyopatikana, mlinzi alikuwa wapi ilipopigwa, na mkono ni wa nani. Hilo la mwisho limeninyima usingizi, na ndilo lililonifanya nizunguke nje ya geti lenu mpaka askari wa zamu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mnamo Jumatatu tarehe 9, saa tatu asubuhi, nilifika ofisi ya wapima ardhi, ghorofa ya kwanza, mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi. Nilikwenda kufunga printa mpya. Nilimkuta meneja amesimama mapokezi akipokea simu mwenyewe, na kazi ile haikumkaa kabisa. Dada wa mapokezi hakuwepo. Kwenye kiti cha wageni alikaa mume wake, macho mekundu, shati amelifunga vifungo vibaya. Mkewe hakuwa amerudi nyumbani tangu Ijumaa.

Meneja alimwambia, "Atakuwa kwa ndugu zake, wewe tulia."

Yule mume akajibu, "Ndugu zake wote nimeshawapigia, bosi. Nimekupigia na wewe, hukupokea."

Meneja akainua tena simu. Mimi nilijitia kufungua boksi, maana mambo ya watu na ndoa zao fundi huwa hayaingilii. Mlinzi alikuja kunisaidia kuinua mashine. Ni mtu wa makamo, maneno mengi, kila mwanamke kwake ni shemeji. Alisema, "Shemeji, hii yenu mpya nzuri, lakini ile ya zamani ilikuwa na adabu."

Afande, naomba nieleze kidogo kazi yenyewe, kwa sababu bila hilo hamtanielewa. Kila printa kwenye mtandao wa ofisi ina anwani yake, namba tu, ambayo kompyuta huitumia kuipelekea kazi. Ukiiacha mashine ijitafutie anwani, siku umeme ukikatika inaweza kuamka na namba nyingine, na ofisi nzima inapiga kelele kwamba printa imekufa. Kwa hiyo sisi huiandikia namba kwa mkono, isibadilike. Na mashine mpya ikija, tunairithisha namba ya ile ya zamani. Ukifanya hivyo hakuna haja ya kugusa kompyuta hata moja, zote zinaendelea kutuma palepale zilipozoea. Ni ujanja wa uvivu, sikatai, lakini mafundi wengi tunaufanya.

Aliyenifundisha kazi hii ni mjomba wangu, kaka yake mama. Printa ya zamani ya ofisi ile aliifunga yeye, akaipa namba yenye hamsini mwishoni, na kwenye sehemu ya jina akaandika SHANGAZI, kwa sababu alisema ina kelele lakini haikosi msibani. Alikuwa na sharti moja, na ukilisahau alikuwa anakukata jicho la kutosha siku nzima. Kabla hujarithisha namba, iite kwanza. Kuita maana yake ni kutuma ujumbe mfupi kwenye ile namba kusikia kama kuna kitu kinajibu. Alikuwa akisema, "Iite kwanza, mwanangu. Ikiitika bado ina kazi, iache." Kila mtu kwake alikuwa mwanangu, hata watu waliomzidi umri. Mjomba alifariki mwaka jana. Nilikuwepo kaburini.

Basi nikaiita namba ya hamsini kwenye kompyuta yangu. Ikaitika.

Nilimuuliza meneja mashine ya zamani iko wapi. Alisema wabebaji waliichukua mwezi uliopita, ilishauzwa kama chuma chakavu. Nikadhani kuna kompyuta imeichukua ile namba, jambo la kawaida kabisa. Printa hizi zina ukurasa wake unaoweza kuufungua kwenye kompyuta ukaona hali ya mashine. Niliufungua. Juu kabisa palikuwa na jina, SHANGAZI. Chini yake neno moja, Tayari.

Mlinzi wakati huo alikuwa amelala chali chini ya meza ya mapokezi, akinipitishia waya kwenye tundu la mbao. Mikono yake yote miwili ilikuwa imetokeza upande wangu na mimi nilikuwa nikimwambia avute, asivute. Hilo naomba liandikwe vizuri. Nilikuwa naviona vidole vyake vyote kumi.

Nikiwa naangalia ule ukurasa, neno Tayari likaondoka. Likaja Kifuniko kimefunguliwa. Nikamwita meneja. Tukasimama tukiangalia, naye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani amekifungua?" Neno likabadilika tena, likawa Inaskani, yaani inapiga picha ya kilichowekwa kwenye kioo chake. Ilikuwa saa nne na dakika kumi, saa ya kompyuta ilikuwa mbele yetu sote. Mume wa dada alikuwa ameinuka kwenye kiti, mlinzi bado yuko chini ya meza akiuliza, "Nivute au nisivute, shemeji?"

Mashine ile ilikuwa ikipeleka picha zake kwenye folda ya pamoja ya ofisi. Nikaifungua. Kulikuwa na picha moja mpya.

Ilikuwa ni kiganja cha mwanamke kimebanwa kwenye kioo, vidole vimetanuka, na pete ambayo kijiwe chake cha kijani kimegeukia ndani ya kiganja. Nyuma ya mkono kulikuwa na giza tupu. Mume wake hakupiga kelele. Aligusa kioo cha kompyuta yangu, pale penye pete, akasema, "Huyu ni mke wangu."

Sote tuliangalia ile pete, na hatukuangalia kitu kingine. Nasema hivi kwa sababu mtaniuliza kwa nini sikuuona mkono wa pili palepale.

Sikujua mashine iko wapi. Nilichofanya ni hiki: niliacha kompyuta yangu ikiiita mfululizo, nikaenda kwenye kabati la mtandao, nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja na kurudisha, huku meneja akinisomea. Akawa anasema, "Inaitika. Inaitika. Inaitika." Alilisema lile neno kama mtu anayesimamia wodi. Nilipochomoa waya wa chini kabisa akasema, "Imenyamaza." Nikaurudisha haraka, nikahisi nimemziba mtu pumzi. Waya ule ulikuwa na kikaratasi chenye mwandiko wa mjomba: stoo ya chini.

Mlinzi alipotoka chini ya meza na kulisikia neno stoo, uso ulimbadilika. Ufunguo ni mmoja tu na huuning'iniza mkandani. Alitangulia mbio ngazi mbili mbili, mimi, meneja na mume nyuma yake. Ni mlango wa chuma, kwa ndani hauna kitasa. Alipofungua alikuwa analia tayari, anasema, "Niliita Ijumaa, jamani, niliita, hakuna aliyejibu."

Dada wa mapokezi alikuwa sakafuni, kwenye kona, chini ya rafu iliyoanguka. Alikuwa hai. Mume wake alimwinua kichwa akawa anamwita kwa jina la mapenzi ambalo halinihusu kulitaja. Printa ya zamani ilikuwa juu ya meza, upande wa pili wa chumba, imechomekwa, taa yake ya kijani inawaka, kifuniko kimefunguliwa. Kumbe dada mwenyewe ndiye aliyewabembeleza wabebaji waishushe chini, kwa sababu haikuwa na kosa lolote na yeye aliipenda kuliko hii mpya meneja aliyoichukua kwa mkopo. Ijumaa alishuka kutoa nakala, akapanda rafu kuchukua karatasi, ikamwangukia. Simu haishiki mtandao kule chini. Mlinzi alipofika kufunga alisimama mlangoni akaita, dada alikuwa amezimia, akafunga. Kosa la mlinzi ni hilo: aliita kutoka mlangoni badala ya kuingia akaangalia. Kwa hilo mgombezeni mpaka mchoke. Kwa lile jingine, hapana.

Jioni ile ile nilisikia mmemkamata. Daktari amewaambia kwamba dada amevunjika paja na asingeweza kusimama hata kidogo, sembuse kuvuka chumba na kuufikisha mkono kwenye kioo. Na dada mwenyewe amesema kuna mwanamume alimnyanyua. Hakumwona sura, kulikuwa na giza, aliona tu mwanga wa mashine ukipita. Alimsikia akisema, "Weka mkono hapa, mwanangu, watakuona." Ndipo mkaitazama picha upya, mkaona vidole vya mwanamume vimemshika kifundo cha mkono, mkasema mwenye ufunguo ni mmoja.

Afande, mlinzi humwita kila mwanamke shemeji. Hata sasa hivi mkimfuata selo atamwita askari wenu wa kike shemeji.

Jumatatu usiku niliifungua ile picha nyumbani, nikaikuza. Kidole cha shahada cha ule mkono wa pili hakina ncha. Kimeishia kwenye kiungo cha juu, na kovu lake limepinda kuelekea kushoto. Kovu hilo nalijua. Mjomba alikatwa na mashine ya kukatia karatasi kabla sijazaliwa, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nikikishika kidole kile tukivuka barabara, kwa sababu kilinitosha kwenye kiganja. Dada wa mapokezi ameajiriwa mwaka huu. Hakuwahi kumwona mjomba, wala kusikia anavyoita watu.

Najua ninavyoonekana. Hata mimi ningekuwa upande wako wa meza ningeagiza chai nimtulize huyu mama. Nilipoutambua mkono ule nilifurahi, nilifurahi kama mtoto aliyefuatwa shuleni, halafu nikawasha taa zote za nyumba na sikuzizima mpaka kukapambazuka.

Leo asubuhi nilirudi ofisini kumaliza kazi. Mashine ya zamani mlishaichukua jana kama kielelezo, na waya wa stoo niliukuta umening'inia hauna kitu. Namba ya hamsini ilikuwa huru kurithiwa. Meneja akanihimiza, watu wanataka kuchapa. Lakini sharti ni sharti. Niliiita kwanza.

Printa mpya nimeipa hamsini na moja. Nimezunguka kompyuta zote za ofisi kuzibadilishia, moja moja, na meneja amenuna kwa muda niliompotezea.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, sijaongeza chumvi, na pale nilipoogopa nimesema nimeogopa. Naweka sahihi yangu.

(Sahihi) Mama Waya

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Shahidi alikuwa timamu na alijieleza kwa utulivu. Meneja na mume wa majeruhi, walipohojiwa kila mmoja peke yake, wamethibitisha mlinzi alikuwa chini ya meza ya mapokezi picha ilipopigwa. Nimekagua mikono ya mlinzi. Vidole vyote ni vizima.

Kabla ya kuondoka kituoni niliingia chumba cha vielelezo. Printa ipo, waya wake wa umeme umeviringwa na kufungwa kwa kamba, kama nilivyoufunga mimi mwenyewe jana. Nilikifunga chumba na ufunguo nikautia mfukoni. Kisha nilifuatana na shahidi hadi ofisi husika na kumtaka aiite ile namba mbele yangu.

Imeitika.

Nimemwomba asiiite tena. Mlinzi ameachiwa saa kumi na moja jioni na kurudishiwa mkanda na viatu vyake.

(Sahihi) Afisa wa zamu, upelelezi