Mdomo wa Novatus, na Wangu

Hili sijamwambia mtu. Jana nilimdanganya daktari, na leo mama mdogo anakunja nguo zake.

Ni Jumanne. Mvua inanyesha tangu alfajiri, hapa Kishanda hakuna aliyekwenda shambani. Tumejaa ndani.

Mama mdogo ni mke wa baba, aliolewa mama yangu alipofariki. Baba alimpata Goziba, kisiwani, anakofuata dagaa. Bibi, mama yake baba, hajamkubali hadi leo. Kwake watu wa kisiwani hawajulikani ukoo wao. Mtoto wao, Novatus, alipozaliwa na kistari juu ya mdomo, kama uzi uliopitishwa chini ya ngozi, bibi alisema hicho hakikutoka kwetu.

Jana tulimpeleka hospitali Bukoba, mama mdogo, bibi na mimi. Bibi Kiswahili anakisikia kidogo tu, kwa hiyo nilikwenda kumtafsiria. Daktari, mama mmoja mpole, alisema ni mdomo sungura, ule mdogo kabisa, ambao ngozi imefunga. Lakini chini ya ngozi je? Akapaka jeli, akagusisha kifaa cha altrasaundi kwenye mdomo wa Novatus, aliyekuwa amenyonya akalala. Kwenye skrini akatuonyesha msuli unaozunguka mdomo, utepe mweusi unaokuja vizuri, halafu chini ya kile kistari unakatika. Alitaka amwone tena baada ya miezi mitatu, huenda akahitaji upasuaji. Akasema hakuna aliyekosea. Wakati mwingine hupita kwenye ukoo.

Akauliza kama yuko mwingine kwenye familia. Mama mdogo akasema kwao hajamwona. Daktari akanigeukia.

"Na upande wa baba, mwanangu?"

Nilikuwa nimevaa barakoa. Naivaa tangu kidato cha kwanza, nasingizia vumbi.

"Hakuna," nikasema.

Ninacho kistari hicho hicho. Upande huo huo.

Shuleni wananiita Mshono. Nimekua nikiambiwa kwamba niliangukia kigoda nikiwa natambaa. Aliyeniambia ni bibi. Baba alikuwa ziwani tangu kabla sijazaliwa, naye aliporudi akaambiwa kigoda.

Nilipomgeukia bibi nimtafsirie, mkono wake ulikuwa umeshanibana goti. Nikamwambia kwa Kihaya kwamba msuli umekatika, basi. Ya ukoo sikuyatafsiri. Wala ile ya kwamba hakuna aliyekosea.

Nyumbani akamwambia baba, taratibu, kama anayemwonea huruma: "Waitu mwanangu, hata huyu msomi wetu kasema mbele ya daktari. Kwetu hayapo."

Baba akaniangalia. Nikaangalia sahani. Asubuhi akamwambia mama mdogo akapumzike kwao kwanza. Boti ni kesho alfajiri.

Goziba hakuna ile mashine. Nani atamrudisha Novatus Bukoba?

Daktari alisema watoto wakubwa huambiwa wabinue midomo kama wanaopiga mluzi, ndipo msuli uonekane. Leo nimejaribu mbele ya kioo. Kando ya kistari pamevimba kidogo, kama punje ya harage. Sijawahi kuweza kupiga mluzi. Nilidhani ni uzembe wangu.

Naogopa nini? Kuangaliwa. Ni hilo tu, na najionea aibu kuliandika, maana mama mdogo ndiye pekee humu ndani ambaye hajawahi kuniambia niivue barakoa. Ananisuka nywele nikiwa nayo, anapitisha vidole kando ya kamba zake.

Ningemfuata baba sasa hivi. Ningekaa mbele yake nimwonyeshe. Nimeinuka mara mbili, nimekaa mara mbili.

Kuna miguu ukumbini. Ni mama mdogo, namsikia anambembeleza Novatus. Anakuja kuniaga.

Naficha ukurasa huu, ndio pekee ambao ungembakiza.