Milango ya Bluu na Tanuri la Mbark

Jumapili, 3 Novemba

Nimemkosea Mbark. Naanza na hilo, nisije nikalizunguka nikaishia kuandika habari za mvua.

Mbark wa tanuri la mtaa. Miaka thelathini tunakanda majumbani, yeye anatuokea mikate. Na mimi, Taibi, fundi wa majiko ya gesi, niliyeishia darasa la sita, ndiye niliyesimama mlangoni mwa msikiti wiki tatu zilizopita, watu wanatoka swala ya Ijumaa, nikasema Mbark anachoma mbao za rangi. Nikasema nimeona kwa macho yangu — mkokoteni mzima, milango ya bluu, inaingia kwake asubuhi mapema. Rangi ile ni sumu, na sumu imo kwenye mikate ya watoto wetu. Mwenye dhamiri asipeleke tena donge lake la unga pale. Tununue duka jipya la mikate, barabara kuu. Safi, lina vigae vyeupe.

Watu wakanisikiliza. Hilo ndilo linaloniuma. Lini watu wa mji huu wa Sefrou walinisikiliza mimi?

Leo nimekwenda hamamu, bafu la mtaa. Allal, mchochea moto wa hamamu, alikuwa amekaa nje na glasi ya chai, masizi mpaka kwenye kope. Akawa anasifu milango ya ile shule iliyobomolewa. Inawaka vizuri, anasema, imempashia maji wiki mbili nzima. Milango gani? Ile ya bluu. Nikamuuliza aliipitisha wapi. Akanitazama kama mgeni. Kichochoro cha nyuma si kiliporomoka kwa mvua ya Septemba? Tangu hapo kuni zake zinapita mlango wa Mbark, ndani kwa ndani. Tanuri na hamamu ukuta ni mmoja. Mbark kamfanyia hisani tu.

Nilirudi nyumbani bila kuoga.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimemwambia mke wangu, Zhor. Hata hakuacha kuchambua dengu. Akasema, "Nilikwambia mkate hauna harufu ya rangi. Ukaniambia wanawake hawajui mambo ya kemikali."

Nilisema hivyo kweli. Mimi, ninayejua kemikali kwa kunusa gesi inayovuja!

Mbark anajua mkate wa kila nyumba bila kuuliza. Wetu una matundu matatu ya uma katikati, mama yangu ndiye aliyeanza. Msimu wa baridi wa mwaka juzi Zhor aliugua, nikakanda mwenyewe, mtoto wa jirani akapeleka. Mbark akaitazama mikate, akauliza habari ya Zhor kwa sauti ya chini, "Mama Kenza anaumwa?" Sikuwa nimemwambia mtu. Na mama alipofariki, siku tatu alituletea ubao wa mikate. Kakanda mwenyewe, kaoka mwenyewe, kila mkate matundu matatu.

Mtu huyo ndiye niliyemwita mlisha sumu.

Na lipo jingine. Andika, Taibi, hakuna atakayesoma. Tangu Ijumaa ile duka langu limejaa. Wanawake wanashusha majiko mabovu kutoka juu ya mapaa, wanataka yaoke mikate. Sijawahi kupata kazi kama hii. Je, niliwaza hilo nikisema maneno yale? Najijibu hapana. Najiuliza tena — sasa jibu linachelewa.

Jumatano, 6 Novemba

Nilikwenda kwa Mbark. Saa kama ile zamani mbao za kubebea mikate zilipangwa mpaka nje kichochoroni, huwezi kupita. Leo nne. Yeye kakaa, koleo lake refu la kutolea mikate magotini.

Nikamwambia yote. Nilitaka anitukane, nilijiandaa kabisa. Akasema anajua. Siku ile ile alijua ni milango gani ninayoisema.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nisemeje? Kwamba ni Allal?" Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Wangemfukuza kazi kabla ya alasiri. Na yule hana ufundi mwingine."

"Na wewe je?"

"Mimi nina jina, ndugu yangu. Nilidhani jina linatosha."

Nikakosa pa kuweka mikono.

Akanieleza, bila uchungu, kama anayezungumzia nyumba ya mtu mwingine. Tanuri linakula kuni zile zile, uoke mikate minne uoke mia. Nguvu ya kununua kuni imemwishia. Ijumaa ya tarehe 15 ataangalia. Ikiwa hali ni hii hii, alasiri anazima. Halijapoa tangu enzi za baba yake. Likipoa, matofali ya ndani yanaachana, na mafundi wa kuyapanga wote wako makaburini.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimejaribu njia ya mwoga. Badala ya kusimama pale pale, nilikaa pembeni baada ya swala, namvuta mmoja mmoja shati. Nilikosea habari ya Mbark, nawaambia, hachomi rangi, rudisheni madonge yenu.

Majibu sasa!

Benaissa, mwalimu mstaafu, ndiye aliyezunguka mtaa mzima akisema pesa ya mtu ni kura yake, tununue kwa dhamiri. Leo anasema huenda ni kweli nilikosea, lakini dukani hakuna kungoja. Mwingine anasema mkewe amezoea kutokanda, sasa amwambieje? Wa tatu akacheka, akaniuliza lini nimekuwa wakili wa moshi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Mbark anakula nini.

Basi dhamiri yao ilikuwa koti tu. Jua limetoka, wamelivua!

Nilirudi na hasira hata chakula cha Ijumaa, kuskusi ya nyama ya shingo, hakikupita. Zhor akanichokoza kwamba nyama ya shingo haijawahi kunishinda. Nikamwambia watu hawa ni wanafiki. Akasema ndiyo, na imamu wao nilikuwa mimi.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nimekwenda lile duka la vigae, safari hii kuangalia. Wiki tatu nanunua pale, nilichokiona ni ukuta.

Wapo wasichana wawili wanauza. Wamesimama. Mmoja miguu imevimba mpaka imejaa viatuni. Nikamuuliza kwa nini hakai, wateja wamepungua. Akanong'ona bila kugeuza shingo: viti vimeondolewa. Mwenye duka anasema mteja akimkuta muuzaji kakaa, atadhani mkate umelala. Tangu alfajiri wamesimama, mpaka magharibi!

Na mwenyewe je? Kakaa mlangoni. Kiti cha mto!

Nikamwendea, nikamwambia viti havimo kwenye unga, haviharibu mkate. Hakukasirika. Akasema kama ninapenda sana vitu vya kutengeneza, jiko lake la nyumbani linavuja, niende nikalitazame. Wateja wakacheka. Benaissa naye alikuwemo, mikate minne kwapani, anacheka na kura yake.

Na mkate wenyewe ikifika adhuhuri unaweza kupigia msumari.

Njiani nikawa natunga maneno ya Ijumaa. Enyi watu, lile duka pia msilinunue! Mdomo unawasha. Nikamsomea Zhor. Akaniacha mpaka mwisho, halafu akasema, "Safisha kwanza ulipochafua. Hujamaliza moto mmoja unataka kuwasha wa pili."

Jumanne, 12 Novemba

Nilishapanga. Ijumaa nasimama, naeleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Kichochoro kilichoporomoka, ukuta mmoja, milango ya shule, nani aliichoma. Ukweli mtupu. Nani atabisha?

Leo mchana Allal akaja dukani. Alikuwa ameoga, sikumtambua. Akasimama kati ya majiko, kofia mkononi.

"Kaka Taibi, nasikia utasema Ijumaa. Utanitaja?"

Hakulia, hakusihi. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, ajue aanike au aanue.

Ndipo nikaona. Nataka kufanya lile lile mara ya pili. Mlango ule ule wa msikiti, mtu mwingine. Tofauti ni kwamba mara hii jiwe ninalorusha ni la kweli. Na Mbark atakuwa amenyamaza wiki zote hizi bure.

Lakini moshi wa rangi ni moshi wa rangi! Unatoka kwa bomba la hamamu, tunauvuta wote. Hilo nalo siwezi kulimeza. Nikafunga duka, tukaenda na Allal kwa binamu yangu Haddou, seremala. Vumbi lake la mbao analimwaga mtoni, miaka yote. Akasema chukueni mkachome, mtanipunguzia safari. Allal akaapa mbele yetu: mlango wa rangi hautaingia tena motoni kwake. Milango ilikuwa imebaki mitano. Nimeibeba mwenyewe, nimeiegemeza nje ya duka langu.

Mpaka jioni wapita njia wananiuliza kama na mimi nimeanza kuoka.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimepita kwa Mbark. Mbao tatu tu za mikate leo. Kuni zilizobaki ukutani zinanifika kiunoni tu. Hakunitazama vibaya. Alikuwa anafagia mbele ya mlango, pale foleni ilipokuwa inakaa.

Nikamwambia Zhor kesho apeleke donge letu. Akakataa! Akasema yeye hakuliondoa. "Aliyeliondoa alirudishe."

Na hapa mwanamume habebi ubao wa mikate. Ni kazi ya wanawake na watoto. Mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, ubao kichwani, katikati ya soko siku ya Ijumaa — watacheka mpaka Ramadhani. Nikasema nitapita njia ya nyuma. Zhor akasema, "Si imeporomoka?"

Basi naandika, niwe nimefungwa na mkono wangu mwenyewe.

Kesho, Ijumaa tarehe 15. Asubuhi nitabeba ubao kichwani kutoka mlangoni kwangu, soko lote, mbele ya mkahawa, mbele ya Benaissa, mpaka kwa Mbark. Baada ya swala nitasimama kwenye ngazi ile ile. Sitamvuta mtu shati. Nitasema kwa sauti ile ile: sikuona mbao zikiingia tanurini, niliona mkokoteni mlangoni, yaliyobaki niliyatunga, na kutokana na uongo huo nimepata kazi. Watauliza, sasa mbao zilikuwa za nani? Sitajibu. Wakiniita mwongo, nitakuwa nimewaambia hivyo mimi kwanza. Kisha nitawaambia mikate yangu imeshaiva, nakwenda kuichukua, anayetaka anifuate. Yote kabla ya alasiri, maana alasiri anazima.

Kama hakuna atakayenifuata, sijui.

Sasa hivi Zhor anachekecha unga. Ameniuliza akande mikate mingapi, nikasema ijaze ubao. Nimeujaribu kichwani hapa uani, mtupu. Unayumba. Akanishika kiwiko, akaniambia nisitazame chini.