Kipande Chako cha Mto

Ngulyati, Bariadi
22 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Nyanda,

Mwangaluka, ng'wanawane? Kifua chako kimepona huko Mtwara? Sisi wazima, isipokuwa goti langu linalojua mvua kabla ya mawingu. Siku hizi nasinzia mchana, naota mto wetu ukiwa mweupe kama ule wa utoto, kisha naamshwa na harufu ya mashudu.

Ndiyo, mto umeoza. Kinu kipya cha mafuta ya pamba kinamwaga uchafu upande wa juu wa kivuko, vijana wanaosha bodaboda, nasi tunafulia humo humo. Mkutano ukaamua tuusafishe, kila kaya kipande kimoja, sawa kwa sawa. Atakayekataa atachenywa: kijiji kizima kitamwendea kumchukulia mbuzi.

Shangazi Pelagia akakataa. Unamjua. Mjane, mgongo umepinda, na mbuzi anaye mmoja tu. Alisimama akasema, "Mimi nachota kwa ndoo, kinu kinamwaga kwa bomba. Tutazoaje sawa?" Watu wakacheka. Niliumia sana.

Alfajiri ya siku ya kumchenya, nikasikia yowe la mwano. Nilidhani bado naota. Lakini mwano ukipigwa hakuna wa kubaki ndani, huenda ng'ombe wameibwa. Tukaikimbilia sauti hadi nyuma ya kinu, tukazama vifundoni katika tope la mafuta, hata Deogratias mwenye kinu na viatu vyake vyeupe! Shangazi alikuwa amesimama peke yake kwenye ukungu.

"Mwizi yuko wapi?" tukauliza.

"Mmemkanyaga."

Kupiga mwano wa uongo ni kosa kubwa kwetu, nikaogopa. Bujiku, mtemi wa sungusungu, aliitazama miguu yake mwenyewe iliyojaa tope. "Huu ni wa kweli," akasema. "Vipande vikatwe upya, kila mtu kwa alichomwaga."

Basi kinu kikapewa kutoka bombani hadi kivukoni, tena kichimbe shimo la taka zake. Wa bodaboda wana chao, wafuaji tuna vyetu vifupi. Shangazi akasamehewa, na mbuzi wake yupo.

Jana nilikaa kivukoni hadi jua likazama. Maji hayajatakata, ila niliuona mchanga kidogo, nikalia kwa furaha.

Mjomba Novatus na Jenipha wanakusalimu. Shangazi hakutuma salamu. Amechomeka kijiti pale ulipojifunzia kuogelea, na hataki mtu apaguse. Nilipomkumbusha kwamba yeye kasamehewa, akanijibu, "Kipande hiki si changu. Ni cha Nyanda, amekojoa humu utoto wake wote."

Mungu akufungulie njia, mdogo wangu. Jembe lipo.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Elina