Sauti Namba 47 Katika Kinanda cha Bi. Tunu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Mbinga
Tarehe: 11 Agosti 2025, kuanzia saa 7:20 mchana
Jina: Otilia Ndunguru
Umri: Miaka 44
Dini: Mkristo Mkatoliki
Kazi: Fundi wa redio na vinanda vya umeme
Makazi: Mbinga mjini, nyuma ya soko

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Koplo Serafina amenionya kwamba uongo wowote nitakaosema unaweza kunifikisha mahakamani, nami nimekubali kuandikwa.

Nina kibanda cha ufundi nyuma ya soko tangu mwaka 2009. Natengeneza redio, amplifaya na vinanda vya umeme. Vinanda ndivyo ninavyovipenda. Afande ameniuliza kama hilo lina uhusiano na kesi. Nimemjibu kuwa linao, kwa sababu fundi asiyevipenda asingekitambua hiki.

Mnamo wiki ya kwanza ya Februari 2024, Adinani Issa aliniletea kinanda kutoka Mbamba Bay, kando ya ziwa. Adinani alikuwa mpiga kinanda wa kikundi cha muziki wa harusi cha Bi. Tunu Ismail, na kinanda ni mali ya Bi. Tunu. Kilikuwa chekundu, chenye kii, yaani vibonyezo vya kupigia, sitini na moja na safu mbili za nobu za kuzungusha. Tundu la adapta lilikuwa limelegea, ukikigusa kinazima. Nilitoa tundu lile nikaweka jingine la redio ya zamani. Waya nyekundu ilikuwa imeniishia, nikatumia ya kijani pande zote mbili. Nilipofunga nilitia tone la rangi ya kucha ya zambarau juu ya kila skrubu. Ndivyo ninavyofanya kwa kila kazi yangu, ili mtu mwingine akifungua nijue.

Afande ameniuliza kinanda hiki kina tofauti gani na vile vya kanisani. Vinanda vingi vinakuja na sauti zilizokwisha kutengenezwa: filimbi, ogani, gitaa. Unabonyeza, unapiga. Hiki ni cha aina inayoitwa sintesaiza. Kinakupa mawimbi matupu ya umeme, sauti unaijenga mwenyewe kwa kuzungusha nobu, halafu unaihifadhi kwa namba na jina. Ukiijenga vizuri haipo popote pengine duniani.

Adinani alikaa Mbinga siku tatu akisubiri kazi yake. Siku ya pili aliniambia anatamani kinanda kilie kama vibuyu vya mganda, ile ngoma ya ziwani ambayo wanaume hupuliza vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui. Nikamwambia tujaribu. Tulichukua mawimbi mawili tukayaachanisha kidogo sana, yagombane, maana mkwaruzo wa kibuyu unatoka hapo. Mwanzoni mwa kila noti tukaweka kelele ndogo kama pumzi. Ile nobu inayopunguza makali ya sauti, ambayo sisi tunaiita kichujio, tukaifunga hadi ikabaki robo. Mtetemo tukauchelewesha, kwa sababu mpuliza kibuyu hutoa sauti kwanza ndipo aitetemeshe. Tulikosea mara nyingi. Siku ya tatu, kama saa kumi jioni, kikalia. Gertrude Mapunda, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, aliacha kushona akaja kuuliza nani anacheza mganda sokoni. Tuliihifadhi sauti ile namba 47, tukaiandika MGANDA. Nilicheka siku ile mpaka machozi. Afande amesema hilo si la lazima lakini ameliandika.

Mnamo tarehe 27 Mei 2024 Bi. Tunu alinipigia simu. Alisema siku mbili kabla alimtuma Adinani na kinanda kwenda kwenye harusi Songea kwa basi, na kwamba Adinani amefika Songea mikono mitupu akidai kimepotea kwenye buti. Bi. Tunu alisema, "Amekiuza. Akikuletea mtu, nijulishe." Nilimwambia sijaletewa. Simu ya Adinani sikuipata tena. Kwa kweli sikumtafuta sana. Nilisikia watu wanasema ameuza, nikanyamaza.

Mnamo Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025, saa 3 asubuhi, kaka yangu mkubwa, Florian Ndunguru, alikuja kibandani na kinanda kwenye boksi. Florian ni mwenyekiti wa kwaya yetu ya kanisa kule Matiri. Mimi pia naimba kwaya hiyo, sauti ya pili. Alisema kwaya imekinunua Kitai, njiani kwenda Songea, wiki iliyopita kwa Kilian Nombo, muuza redio na vifaa vilivyotumika, kwa ajili ya sikukuu ya kanisa ya tarehe 15. Kii moja ilikuwa hailii na kulikuwa na muungurumo. Kinanda kilikuwa cheusi. Nilimwambia aje kesho yake.

Tarehe 5 Agosti, saa 2:30 asubuhi, nilikigeuza ili nikifungue. Rangi nyeusi ilikuwa ya kupuliza, kwenye kona wekundu ulikuwa unachungulia. Karatasi ya namba ya kiwandani ilikuwa imebanduliwa. Nilikwangua rangi juu ya skrubu ya kwanza nikaona zambarau. Nikakwangua ya pili, ya tatu, zote. Ndani nilikuta waya zangu mbili za kijani.

Sikutaka kuamini waya peke yake. Nilikifunga, nikakiwasha, nikaenda namba 47. Kwenye kioo kukatokea MGANDA. Aliyekiiba alijua kupaka rangi, hakujua kufuta. Niligusa kii moja tu, nikaondoa mkono. Nilikaa kwenye stuli yangu muda mrefu. Nilikuwa namwaza Adinani.

Florian alifika saa 5. Nilimwonyesha kila kitu. Aliniuliza kama kii imepona.

Nilimwambia, "Kaka, hiki kimeibwa. Kuna mtu anaitwa mwizi kwa ajili yake."

"Ni ndugu yako huyo mtu?"

"Hapana."

"Sisi hatukuiba. Tumenunua mchana kweupe. Wewe ni fundi, Otilia. Tengeneza, utupe kinanda chetu."

"Hakitoki hapa mpaka nimemwona mwenyewe."

Alisimama mlangoni akasema, "Basi tarehe kumi na tano utaimba na hao wa ziwani." Akaondoka. Florian ndiye aliyenisomesha ufundi.

Tarehe 6 Agosti nilikifungia kinanda kwenye kabati, ufunguo nikauvaa shingoni, nikapanda gari la saa 12 asubuhi kwenda Mbamba Bay. Sikwenda kwanza kwa Bi. Tunu. Niliulizia Adinani sokoni, nikaambiwa yupo Liuli kwa mjomba wake. Nilichukua bodaboda. Nilimkuta kama saa 6 mchana ufukweni, anageuza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye vichanja vya kukaushia. Amekonda. Aliponiona aliweka chini ungo.

"Shikamoo, dada Otilia."

"Marahaba. Hujambo, Adinani?"

"Sijambo. Umekuja kuniuliza kinanda?"

Sikumwambia kwamba nimekipata. Nilitaka kwanza aseme mwenyewe, mtu yeyote asije kudai kwamba nimemfundisha. Nilitoa daftari nikamwambia, "Nimesahau jinsi tulivyojenga ile sauti ya mganda. Nieleze."

Aliniangalia kana kwamba nimechanganyikiwa. Halafu alifumba macho, vidole vikaanza kuzungusha hewa. Alitaja mawimbi mawili na kiasi tulichoyaachanisha. Alitaja pumzi. Alisema kichujio robo, halafu akajisahihisha, "Robo na kidogo, dada, ulisukuma mwishoni." Alitaja mtetemo unaochelewa. Alitaja namba 47. Niliandika yote, akatia saini, na mjomba wake akashuhudia. Daftari hilo nimelikabidhi.

Ndipo nikamwambia, "Kipo kibandani kwangu."

Adinani alikaa chini kwenye mchanga. Alisema, "Basi lilisimama Kitai. Niliteremka kununua maji. Nimesema hivyo tangu siku ya kwanza." Niliuliza kama amepiga kinanda tena tangu wakati ule. Alisema vikundi vyote vilimkataa, na kwamba nyumba yenye harusi huizunguka kwa njia ya nyuma, kwa sababu watu wakimwona husogeza vyombo vyao. Nilimwambia nami nilisikia nikanyamaza, na kwamba naona aibu. Aliinuka akaendelea kugeuza usipa, nami nikamsaidia mpaka kichanja kikaisha.

Nililala kwa mjomba wake. Tarehe 7 Agosti, saa 4 asubuhi, nilifika kwa Bi. Tunu, Mbamba Bay. Nilimwamkia, akanikaribisha chai. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho na kumsomea daftari. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe, hakunywa. Alisema, "Nilimfukuza mbele za watu. Nilimwambia maneno." Kisha akaingia ndani, akatoka na risiti ya kinanda na karatasi ya dhamana yenye namba ya kiwandani. Akanikabidhi.

Mnamo Ijumaa tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane, saa 4:15 asubuhi, nikiwa kibandani kwangu, alikuja Kilian Nombo wa Kitai. Nadhani Florian alimpigia simu kulalamika. Gertrude Mapunda alikuwa kwenye cherehani yake, hatua kama tatu kutoka tulipokuwa. Kinanda kilikuwa juu ya meza, nilikuwa nanakili namba iliyopo kwenye bodi ya ndani, ambayo inalingana na ya karatasi ya dhamana.

Kilian alisema kwa upole, "Mama, tusisumbuane. Nipe hicho, kwaya nitawapa kingine kizuri zaidi, leo hii."

Nilimwambia, "Hiki kina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Kilishushwa kwenye buti la basi mbele ya duka langu, mimi nilikipokea tu."

Nilimuuliza nani alikishusha. Akagundua alichosema. Gertrude alikuwa amesimamisha cherehani. Kilian alishika kinanda upande wa kulia akavuta. Nilikikumbatia. Mimi si mtu wa nguvu, ila niliamua kwamba atanivuta pamoja nacho mpaka barabarani. Nobu ya kichujio iling'oka ikaanguka chini. Gertrude alipiga kelele za mwizi, watu wakatoka madukani. Kilian aliachia akaenda zake kwa pikipiki, uelekeo wa barabara ya Songea. Saa 5 nilikileta kinanda hapa kituoni pamoja na nobu iliyong'oka, nikapewa hati ya kukabidhi.

Leo, saa 5 asubuhi, Bi. Tunu na Adinani wamefika kituoni kwa kuitwa. Adinani alisimama mlangoni, Bi. Tunu dirishani. Kinanda kilipowekwa mezani, Koplo Serafina alimtaka Adinani ataje namba na jina la sauti kabla ya kukiwasha. Akataja. Kikawashwa, afande akasoma mwenyewe kwenye kioo. Kisha akamwambia apige.

Nobu ya kichujio haikuwepo mahali pake, kimebaki kijiti cha chuma. Adinani alikizungusha kwa kucha, taratibu, hadi robo na kidogo. Akapiga. Vidole vilikuwa vigumu mwanzoni, vina mikwaruzo ya vichanja. Halafu vikakumbuka. Askari wa mapokezi walikuja mlangoni na hakuna aliyewafukuza. Mimi najua kila waya iliyomo mle, najua ni umeme tu unaogombana, lakini nilisikia vibuyu.

Bi. Tunu alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Alisema, "Adinani, mwanangu, nisamehe. Rudi kazini, kinanda hiki kikitoka mahakamani ni chako kukipiga."

Adinani alikizima kinanda kwanza. Akasema, "Mama, nimekusamehe. Kurudi tutaongea. Ila ulinifukuza kwa mdomo na watu wakabeba kwa mdomo. Sasa mimi nataka iandikwe."

Afande akamweleza kwamba shahidi huandikwa aliyoyaona na kuyasikia, hukumu ni ya mahakama. Adinani akanitazama mimi.

Kwa hiyo naomba iandikwe kutoka kwangu. Skrubu nilizikwangua mwenyewe, daftari niliandika mwenyewe, na maneno ya Kilian niliyasikia kwa masikio yangu, na Gertrude aliyasikia. Kaka yangu hajanisemesha tangu tarehe 5, kwaya wamesema wataimba kwa ngoma, na nikiulizwa tena kesho, mwakani, au mbele ya hakimu, nitasema hivi hivi: Adinani Issa, mpiga kinanda wa Mbamba Bay, hakuiba.

Yote niliyoyaona na kuyasikia yanaishia hapa. Nimesomewa, nikayasoma na mwenyewe, ni kweli tupu.

Saini ya shahidi: O. Ndunguru

MAELEZO YA MPELELEZI: Nimeandika mimi, Koplo Serafina, kuanzia saa 7:20 hadi saa 9:05 alasiri. Shahidi aliomba sentensi yake ya mwisho juu ya Adinani Issa isifupishwe. Haikufupishwa. Adinani Issa aliomba kuisoma. Aliisoma mara mbili, kwa sauti, Bi. Tunu Ismail akiwepo.