Koti la Buluu Siku ya Kumbukumbu ya Mama

Uiseong,
Kyeongsang Kaskazini.
2 Aprili 2024

Mpendwa mdogo wangu Geum-ran,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Vipi mgongo wako? Na duka la nguo, bado mnafunga saa mbili usiku? Shemeji Dong-pil ameacha sigara au ameacha tu kuvuta mbele yako? Sisi huku ni wazima wa mwili. Vitunguu saumu vimeota vizuri, na magoti ya baba hayajazidi kuharibika.

Usishangae kupata barua ya kalamu. Simu nimeichoka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu sisi ki mfukoni, na kinapiga kelele mchana kutwa. Najua kundi letu la familia ulilinyamazisha zamani, wala sikulaumu. Lakini ndiyo maana hujui yaliyotupata.

Uchaguzi ni wiki ijayo. Magari ya kampeni yanapita na nyimbo zao hata shambani. Baba haendi tena kwenye jumba la wazee kucheza karata, anashinda sebuleni na yule mtangazaji wake wa siasa kwenye simu, bwana wa miwani anayemwita Mwalimu. Mtu wa kukusanya kura za maoni akipiga simu, baba huacha wali upoe akamjibu kila swali. Nikimuuliza chumvi iko wapi, ananijibu kwamba nchi inauzwa.

Kaka yako Cheol-gyu naye ana bwana wake, mwenye sauti laini, humsikiliza akiwa chini ya mabasi kule gereji ya Ansan. Baba anasema wale wa chama cha Cheol-gyu wanatuuza, Cheol-gyu anasema wale wa chama cha baba wanatuibia. Nimewazoea kiasi kwamba sentensi ikianza najua imetoka kwa bwana yupi. Maneno yao wenyewe sijayasikia mwaka wa pili sasa.

Basi Ijumaa ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mama. Siku hizi tunaifanya jioni mapema. Nilipika tangu alfajiri: mchuzi wa figili, samaki, na nyama ya papa ya chumvi aliyoipenda. Unajua tangu magoti ya baba yashindwe kukunjika, Cheol-gyu ndiye anayemiminia mama kikombe cha kwanza cha pombe mbele ya picha yake. Alikuja mbio kutoka kazini, hakupata hata nafasi ya kubadili nguo. Akaingia amevaa koti la buluu.

Buluu, Geum-ran, rangi ya chama chao, siku ya pili ya kampeni, katika nyumba hii! Huku watu wamefungia makabatini hata soksi za rangi hiyo.

Baba aliinua macho kwenye simu. "Umekuja kumwinamia mama yako au kumpigia kampeni?"

"Baba, koti ni koti tu."

"Koti tu! Mimi nimezaliwa jana? Yule mpayukaji wako ndiye aliyekutuma uje kunichezea shere mbele ya picha ya mke wangu."

"Na wa kwako je? Ndiye anayekupikia? Miaka yote hiyo anakutukania mwanao, nawe unamwitikia."

"Livue, au toka."

Alilivua. Akalitundika kwenye msumari wa mlangoni, kisha akatoka na shati lake jepesi, akawasha gari. Kikombe alikimimina baba mwenyewe. Alipiga magoti yake yale mabovu, akashindwa kuinuka, nikamnyanyua kwa kumshika kwapani. Mchuzi ulikuwa umeshapoa.

Sasa nikwambie kinachoninyima raha. Nilipokuwa naondoa vyombo, nililishusha lile koti nilikunje. Ndani ya kola kuna kitanzi alichokishona mama kwa mkono. Nikakumbuka. Tulilinunua naye gulioni, mwaka ule kabla hajaugua. Alibishana na muuzaji hadi miguu ikaniuma. Lilikuwapo jekundu, lilikuwapo la kijivu, akachagua buluu kwa sababu haionyeshi grisi. Mfuko niliubeba mimi.

Mimi, Geum-ran. Na Cheol-gyu alipoingia, kabla baba hajafungua kinywa, nilishawaza: huyu amekuja kututia vidole machoni. Ndiyo maana nilinyamaza akifukuzwa. Nilidhani mimi nasikia tu kelele za wengine huku napika. Kumbe zilikuwa zinaniingia. Nimeona haya sana.

Nilimwonyesha baba kile kitanzi. Alipunguza sauti ya simu, hakuizima. Asubuhi nikamkuta uani na beseni, analifua koti kwa mikono. Baba yetu, ambaye hajawahi kufua hata leso.

Kisha akaniomba miwani, akaandika kwa kidole kimoja: "Cheol-gyu. Koti lako nimelifua. Kuna baridi. Njoo ulichukue." Akautuma ujumbe huo kwenye kundi la familia. Lakini Cheol-gyu alishajitoa kwenye kundi usiku uleule. Baba hajui kwamba aliyetoka hasomi tena, nami nimekosa moyo wa kumwambia. Namba yake binafsi baba aliifuta mwaka jana kwa hasira. Simu zangu hapokei, na anayo haki.

Wewe atakupokea. Uko mbali ng'ambo, huna rangi. Barua hii ikikufika uchaguzi utakuwa umepita, ndiyo afadhali. Mpigie umsomee maneno ya baba kama yalivyo, usiongeze kitu.

Nisalimie shemeji Dong-pil na mwanenu Sora, mwambie mama yake mkubwa anamwekea yale matunda makavu ya persimoni. Shangazi Bun-nyeo wa Andong naye anawasalimu. Mbingu ziwape afya, na riziki isiyo na kelele.

Baba pia anakusalimu. Yuko hapa pembeni na simu yake, ameniuliza tena kama Cheol-gyu amesoma. Nimemwambia bado, yuko chini ya basi, mikono ina grisi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikichoka,
Bae Ok-im