Siku Verlin Alipokatazwa Kusema

Jumatatu, 4 Machi
Verlin ana uvimbe kwenye pafu la kulia. Watamchoma sindano mgongoni wachukue kinyama wakipime. Mapafu yenyewe yamechakaa — vumbi la makaa na sigara, mume wangu hakubagua! Mapafu hayo ukiyatoboa huvuja hewa, anasema daktari, pafu likasinyaa. Kinga ipo: tundu litazibwa kwa damu yake mwenyewe, kisha aulalie upande uliotobolewa kwa saa kadhaa. Asiseme, asikohoe, asiinuke.

Verlin asiseme! Nilicheka mpaka kwenye gari. Kanuna njia nzima.

Jumatano, 6 Machi
Nimemtaja binti yetu, Renda. Verlin akasukuma bakuli la maharage. Aliyeolewa na mtoto wa msaliti, akasema, hakanyagi hapa, hata nikifa asije kunizika. Kisa? Baba mkwe wa Renda aliingia mgodini wenzake wakiwa wamegoma. Mume wa Renda wakati huo alikuwa bado ananyonya!

Nimeosha vyombo huku nawaza yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Sindano imetoka salama, picha ya kwanza haina hewa iliyovuja. Amelala ubavu wa kulia, uso kwangu. Nesi ameonya: akijitia kusema au kukohoa, atawekewa bomba kifuani.

Nesi alipotoka nikasogeza kiti. Nikamwambia taratibu: kila Alhamisi siendi kwaya, naenda kwa Renda. Na ule mkate wa mahindi unaousifu kwa kila mtu, Renda ndiye anauoka, kwenye jiko la msaliti. Macho yakamtoka. Akafungua mdomo.

"Tulia, mzee wangu," nikamwambia. "Pafu hilo."

Raha niliyoisikia! Mungu ananiona, raha tupu.

Kisha nikamwambia Renda yuko njiani.

Amefika. Kapiga magoti usoni pa baba yake, kamshika mkono, kamwomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Verlin kamkodolea macho tu. Mkono hakuuvuta. Sasa Renda analia machozi ya furaha.

"Amenisamehe, Mama. Hata neno moja baya hajasema."

Sikumwambia kwamba baba yake amekatazwa kusema. Nilikusudia — halafu nikamwona alivyofurahi, nikampa leso.

Nesi kaingia na mashine ya picha ya mwisho. Pafu likiwa zima, anasema, mzee ruksa kuongea. Verlin ananitazama mimi, si Renda. Na mimi hapa naomba lisiwe zima.